Jina Nililolitaja Buswahili

Watu wakiniuliza kwa nini sikwenda hospitali kujifungua, mimi mtu wa mjini, ninayeuza dagaa soko la Iringo, Musoma, na kusoma najua, naona wanataka nikiri kwamba sikuwa na akili. Akili nilikuwa nazo. Mtoto wangu wa kwanza nilimzalia kwenye kituo kimoja cha afya, na nesi aliyekuwa zamu alinikemea tangu naingia mpaka natoka: acha kelele, panua miguu, ulipokuwa unaitafuta hiyo mimba ulilia? Binti yangu alitoka nikiwa peke yangu nyuma ya pazia, nimeng'ang'ania chuma cha kitanda. Nikaapa kwamba wa pili hatapokelewa na mtu asiyenijua.

Mkunga niliyemchagua alikuwa bibi mmoja wa kijiji cha Buswahili, jirani wa mama mkwe wangu. Mume wangu na ndugu zake wote walipita mikononi mwake. Alikuwa ananichua tumbo kwa samli, polepole, huku anaongea na mtoto kama mtu anayeongea na mgeni aliye mlangoni. Kliniki nilihudhuria, kadi yangu ilijaa mihuri. Lakini mwezi wa mwisho nilifunga mizigo nikaenda ukweni, na nilikwenda kwa furaha. Hilo la furaha ndilo linaloniuma mpaka leo.

Uchungu ulianza alfajiri, mama mkwe akiwa anakamua. Ng'ombe walipotolewa kwenda malishoni nilikuwa nazunguka uani nikijiona shujaa. Saa sita mchana sikuwa shujaa tena. Bati lilikuwa linawaka, mgongo unaniuma kuliko tumbo, na mtoto hajasogea. Mkunga akanipima, akanawa mikono. Mama mkwe, aliyekuwa amenishika mabega, akamwangalia. Nikaona wamekubaliana jambo bila kuniambia.

"Mjukuu wangu," mkunga akasema, "huyu mtoto njia anaiona. Hapiti kwa sababu umemfungia. Sema, umfungulie."

Nilijua anachotaka. Kwa watu wa nyumba ile, uchungu ukikawia maana yake mwanamke ana mwanaume aliyemficha, na mtoto hatoki mpaka huyo mwanaume atajwe. Nilishayasikia hayo zamani nikacheka. Siku hiyo kicheko sikuwa nacho.

"Bibi, mimi sina mtu."

"Wote wanasemaga hivyo."

Sikuwa na mtu. Sijawahi kuwa naye. Niliapa kwa Mungu, nikaapa kwa mama yangu, nikaapa kwa binti yangu niliyemwacha Musoma. Nikaomba pikipiki inipeleke kituoni. Mkunga akasema barabara itanimaliza, na hilo ninalolificha nitakwenda nalo huko huko. Kisha mama mkwe akaanza kulia, na kilio chake ndicho kilichonivunja, maana si mtu wa kulia hata msibani.

"Utaniulia mjukuu kwa ajili ya aibu," akasema. "Sema tu. Haya mambo yanaishiaga humu humu."

Hapo nikaanza kutafuta jina, kama mtu anavyopekua mkoba kutafuta ufunguo. Nilitaka jina lisilomuumiza mtu. Jirani yangu wa Iringo ana mke. Fundi cherehani ana mke na mdomo. Nikamkumbuka kijana aliyekuwa akiniletea dagaa kutoka kisiwa cha Rukuba, mcheshi, wa kunitania kwamba mume wangu hajui alichookota. Miezi mitano nyuma upepo ulipindua mtumbwi wao, akazama. Hakuacha mke wala mtoto. Nikajiona mjanja kweli kweli: marehemu hataulizwa, hatakana, hatapigwa.

Mkunga akanigeuza. Anayetaja halali chali. Anapiga magoti, viganja chini, uso chini. Nikapiga magoti mkekani, tumbo likining'inia, nikalitaja lile jina. "Tena," akasema. Nikalitaja tena, kila uchungu ulipokuja, mpaka nikasikia kitu kikizunguka ndani yangu na kuteremka. Ng'ombe hawajarudi, mwanangu wa kiume alikuwa analia. Mama mkwe hakupiga vigelegele.

Kliniki nilipompeleka, nesi mwingine, binti mpole ambaye kama ningempata mara ya kwanza tusingefika huku, alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema huenda mtoto alikuwa ameangalia juu, ndiyo maana mgongo uliniuma vile. "Hayo magoti ndiyo yalimsaidia kugeuka, dada." Nilirudi Buswahili mbio kumwambia mama mkwe. Alikuwa anapepeta mtama.

"Aligeuka," akasema bila kuinua kichwa, "kwa sababu ulisema."

Kwao mtoto hupewa na bibi yake jina la mzee wa ukoo, akiwa amempakata, siku anapotolewa nje. Siku ya mwanangu ilipita kama siku nyingine. Na mtoto wa kiume asiye na jina lile hana pa kusimama: siku ya kutahiriwa hakuna atakayemwita, siku ya kugawana shamba hayumo. Kliniki nilimwandikisha jina nililolichagua mwenyewe, lakini ukweni wanamwita "mtoto", basi.

Mume wangu hakunifukuza. Angenifukuza ningejua pa kuanzia kugombana. Aliniuliza mara moja tu, "Ulisema au hukusema?" Nikamjibu nilisema, lakini niliongopa. "Mtu aliye kwenye uchungu haongopagi," akasema, akavaa viatu akaenda kazini. Sabuni ananunua, maziwa ananunua. Mtoto hambebi. Nilikuwa nikimwangalia akimruka mkekani kwenda kuchukua redio, na nilimchukia.

Mambo hayakuishia humo. Mtoto alipoanza kukaa mwenyewe, habari ilikuwa imeshafika mwaloni, kwa wavuvi, na kutoka mwaloni ikafika Bunda. Siku moja tuko Buswahili tunamenya mihogo, akaingia uani mama mmoja mzee, kitenge cha kutokea, kuku kwapani. Akasema ametoka Bunda, yeye ndiye mama wa yule kijana wa dagaa. Alikuwa na mtoto mmoja tu. Ziwa halikumrudisha, walizika mgomba badala yake.

Hakuna aliyemkaribisha kiti, akakaa chini. Akaomba mtoto, nikampa. Akamgeuza huku na huku, akamshika masikio, na uso wake ukafunguka hadi nikashindwa kuuangalia.

"Masikio," akasema. "Mnayaona masikio?"

"Tuliyaona siku ile ile," mama mkwe akajibu upesi. "Mama, kama mnamtaka, ni wenu. Tutaongea vizuri tu."

Yule mama akanigeukia mimi. "Mwanangu, hawa wameshasema. Sema wewe. Huyu ni wa kwetu?"

Nikamwangalia mwanangu. Tangu azaliwe hakuna aliyempakata vile zaidi yangu. Neno moja tu, ndiyo, angepata bibi, jina, na mahali pa kuzikwa. Nikisema hapana, anarudi kuwa "mtoto". Na mbele yangu yuko mama aliyezika mgomba.

"Hapana, mama," nikasema. "Mwanao hakuwahi kunigusa. Nilimtaja kwa sababu alikuwa amekufa. Nisamehe."

Mama mkwe akaguna. "Anaongopa hata mbele ya mama wa marehemu."

Mkono wa yule mzee ulikuwa bado uko kwenye sikio la mwanangu. Kisha akamvuta shati likae vizuri, akanirudishia mapajani.

"Haongopi," akamwambia mama mkwe. Akajifunga kitenge chake, akasimama kwa shida, akaondoka bila kumkumbuka kuku.

Mume wangu nilimwapia, mama yake nilimwapia, mkunga nilimwapia, wote wakanikatalia. Aliyeniamini ni yule mmoja tu aliyekuja akiomba niwe na hatia.