Ntumba za Bibi Bertilla

Mwalimu Anyitike alizaliwa Tukuyu, na mtu wa Tukuyu akiuona udongo wa Ufipa humhurumia anayeulima. Kwao ardhi ni nyeusi, mgomba unajiotea tu. Mwaka wake wa kwanza kufundisha jiografia, katika sekondari moja nje ya Laela, hukohuko Ufipa, alikuwa na jibu la kila kitu, na majibu yote yalitoka kitabuni.

Kitabu kikamwangusha. Ramani ya uoto ilionyesha misitu ya miombo mkoa mzima wa Rukwa, lakini kidato cha tatu walipochungulia dirishani waliona nyasi tupu hadi macho yanapoishia.

"Mwalimu, hiyo miombo imekwenda wapi?" aliuliza Flavian, na darasa likaangua kicheko.

Kilimchoma. Akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: UDONGO WA UFIPA NI HAFIFU. Kisha akasema watauona kwa macho yao siku hiyohiyo, wachukue majembe.

Nyuma ya shule palikuwa na shamba lenye malundo ya udongo, majani yakichomoza pembeni. Anyitike alidhani ni takataka za palizi. Akaamuru yasawazishwe ili lichimbwe shimo la kuonyesha matabaka. Wanafunzi wakasitasita. Fransiska, binti mpole wa dawati la mbele, akasema zile ni ntumba za bibi yake.

"Bibi yako analima majani?"

Safari hii darasa lilicheka upande wake, naye akafurahi, Mungu amsamehe. Mwalimu akishasema, nani tena wa kusema? Fransiska alishika jembe kama wenzake. Ntumba thelathini na saba zikalala chini.

Kila mtoto pale alijua alichokuwa anakibomoa. Mvua zikiwa bado zipo, Wafipa hugeuza nyasi pamoja na udongo wake na kuzifunika zioze ndani ya lundo, ndiyo ntumba. Msimu unaofuata lundo hutawanywa, ulezi ukapandwa juu yake. Ukilifumua mapema, jua linakausha kila kitu na mwakani unavuna mabua.

Kesho yake dawati la mbele lilikuwa wazi. Siku ya tatu pia. Flavian ndiye aliyemweleza Mwalimu kila kitu, bila kicheko: shamba lile, zile ntumba, na kwamba Fransiska ametolewa shule azirudishie. Mary, dada yake Fransiska, naye alitolewa wiki moja tu, akasaidie mavuno, asirudi tena. Sasa yuko Wampembe, ana mtoto wa pili.

Anyitike alikwenda akiwa na aibu hadi masikioni. Bibi Bertilla alikuwa shambani na mjukuu wake, wameinama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Hakuinua kichwa.

"Nimekosa, Bibi. Nitazirudishia mimi. Nitaleta darasa zima."

"Watoto umeshawatumia mara moja, inatosha. Leta mikono yako." Ndipo akamtazama. "Mvua zinakata, Mwalimu. Ardhi ikishakauka jembe haliingii. Bila ulezi sina cha kumsomeshea huyu. Hapo atakaa nyumbani, na wala sitakuwa nimemwonea."

Jumamosi Anyitike alilima tangu alfajiri. Lundo lake la kwanza Bibi alilitawanya kwa mguu.

"Nyasi zitazame chini! Ukizilaza juujuu zitaota, zitaoza saa ngapi?"

Akaanza upya. Fransiska alilima karibu naye akimpa kisogo, na hilo lilimuuma kuliko malengelenge. Adhuhuri mawingu yalitawanyika, mbingu ikawa nyeupe. Jumapili baada ya misa jembe lilianza kugonga ardhi. Jua lilipozama zilikuwa zimesimama thelathini na tatu. Bibi alizipitia moja moja, akaingia ndani.

Usiku ule Anyitike aliomba mvua kama mkulima, yeye aliyezoea kuichora tu kwenye jedwali. Haikunyesha.

Jumatatu aliita mahudhurio. Alipofika kwa Fransiska alilisoma jina mara mbili. Alikuwa ameshainua kalamu aandike hayupo, mlango ukasukumwa.

Fransiska aliingia na udongo ukiwa bado kwenye kucha.

"Nipo, Mwalimu. Bibi anasema zile nne zilizobaki ni zako, leo baada ya vipindi. Amepamwagia maji pale utakapolima." Akayatazama yale maandishi ubaoni, ambayo hakuna aliyethubutu kuyafuta. "Na anauliza, ulitufundisha udongo wetu ukoje?"

Darasa zima lilimtazama Mwalimu. Hakuna aliyecheka. Anyitike alichukua dasta akafuta herufi zake zote, kisha akampa Fransiska chaki, akaenda kuketi kwenye lile dawati la mbele na kufungua daftari.