Shangazi na Moto wa Samadi

Shangazi yangu hajui kufanya jambo nusunusu. Akikasirika, mtaa mzima unajua. Akifanya usafi, hata mbu wanahama. Na ni huo usafi wake uliotaka kumponza.

Ana ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba, alioachiwa na marehemu mumewe. Zamani pande zote kulikuwa na nyasi tupu. Siku hizi nyumba zimembana, na majirani wanaonunua maziwa asubuhi ndio haohao wanaolalamikia harufu jioni. Serikali ya mtaa ikamwambia waziwazi: harufu iishe, la sivyo ng'ombe waondoke. Alinuna siku nzima.

Bahati nzuri, wakati huohuo serikali ilikuwa inatoa ruzuku kwa wafugaji. Ingewajengea mtambo wa gesi, kwa sababu samadi ikilundikwa wazi hutoa hewa inayozidisha joto duniani, lakini ikifungiwa shimoni hewa hiyo hukusanywa na kuchomwa jikoni, na harufu nayo hupungua. Sharti lilikuwa moja: afisa akija kukagua akute jiko linawaka. Lisipowaka, vifaa vinang'olewa na kupewa mfugaji mwingine.

"Waje wang'oe niwaone," alisema Shangazi.

Mtambo ukajengwa. Turubai lililofunika shimo likatuna kama shavu la mtu anayepuliza moto, nasi tukafurahi. Ila ukaguzi ulipokaribia, Shangazi aliona haya kumwingiza mgeni wa serikali kwenye banda chafu. Alimwaga dumu zima la dawa ya kuua vijidudu, akasugua sakafu mpaka ng'ombe wakawa wanateleza. Maji yote yakafuata mfereji hadi mtamboni.

Afisa alipofika, turubai lilikuwa limelala chini. Akawasha kiberiti. Jiko lilikoroma kidogo, likanyamaza.

Fundi aliyejenga mtambo alinusa mfereji, akashika kichwa. "Mama, umewaua wafanyakazi wako! Hiyo samadi inaliwa na vijidudu, ndivyo vinavyotoa gesi."

Afisa hakuwa mtu mbaya. Alisema atarudi baada ya wiki tatu, na hiyo ndiyo itakuwa mara ya mwisho. Fundi naye akasema njia ni moja tu: kutoa tope lililoharibika, kisha kujaza tope hai kutoka kwenye mtambo unaofanya kazi. Na mtambo wa karibu ulikuwa kwa wifi yake Shangazi, dada wa marehemu.

Hapo nilimwonea huruma kwelikweli. Wifi huyo ndiye aliyetangulia kupika kwa gesi ya samadi, na Shangazi, mbele ya wageni, alisukuma sahani akisema yeye hali chakula kilichopikwa kwa mavi. Tangu hapo walisalimiana kwa kichwa tu, tena kwa mbali.

Shangazi alijifunga kibwebwe, akatoa tope kwa ndoo mpaka mikono ikavimba. Nilipomwambia apumzike, alinipa ndoo ya pili. Shimo lilipokaribia kuwa tupu, alioga, akaniambia nisukume mkokoteni wenye mapipa, tukaenda.

"Hodi!"

"Karibu, wifi. Leo umepotea njia?"

"Sijapotea. Nimekuja kuomba mavi."

Nikainamisha kichwa nisicheke. Wifi alimtazama, akatazama mapipa, akamtazama tena.

"Kama una maneno, nipe yote," Shangazi akasema. "Nitayasikiliza. Lakini ng'ombe wa kaka yako sitawaacha waondoke."

"Maneno sina. Nina chakula. Kaa ule."

Sufuria ilikuwa bado jikoni, juu ya moto wa buluu. Shangazi aliutazama ule moto, akanawa mikono, akakaa. Alikula mpaka sahani ikawa nyeupe, kisha akaisukuma mbele.

"Niongeze."

"Una njaa au una shida?"

"Vyote viwili, wifi. Na ile siku nilikukosea."

Wifi alichukua sahani. Alimwongezea chakula, na tulipotoka nje alikuwa wa kwanza kushika ndoo. Tulijaza mapipa sote watatu, tukayamwaga shimoni kwa Shangazi, tukarudi tena na tena, mpaka tukanuka kiasi kwamba mbwa wa jirani alitukwepa.

Afisa aliporudi, banda lilikuwa na samadi mpya sakafuni. Nilipogusa ufagio, Shangazi alinifukuza. Turubai lilikuwa limetuna. Kiberiti kikawaka, na moto wa buluu ukazunguka jiko lote, ukatulia hapo. Afisa alisema vifaa vinabaki, na kwamba ataijulisha serikali ya mtaa kuwa samadi hailundikwi tena wazi. Shangazi hakupiga vigelegele. Alijifuta macho kwa kiganja, akabandika chai.

Kikombe cha kwanza kilimpita afisa kikaenda kwa wifi.

"Chai ya mavi hiyo?" wifi akauliza.

"Kunywa, utaomba nyingine."

Akanywa, akaomba nyingine. Nyuma ya nyumba ng'ombe walikuwa wanalia wakitaka kukamuliwa, na Shangazi akawapigia kelele dirishani wasubiri, hawaendi popote.