Mate ya Wakiuru

Pale Mweiga, upande ule wa kuelekea Aberdare ambako ukungu hukaa mpaka ng'ombe wamekwisha kukamuliwa, mtu akitaka kusafiri mbali alipitia kwanza kwa Wakiuru. Si kwamba alikuwa mganga, la. Alikuwa mjane wa kawaida tu, mwenye ng'ombe wa maziwa na shamba la viazi, na Jumapili alifunga kitambaa kichwani akaenda kanisani kama wenzake. Lakini alikuwa na kinywa cha kubariki. Ulimnyooshea mikono, naye akakunyunyizia mate kidogo viganjani au kifuani, mate mepesi kama umande, huku akikutakia njia nzuri na kurudi salama. Walikuja wasichana wa kuolewa, walikuja vijana wanaokwenda kutafuta kazi Nairobi. Kuna mtu alipata hata kuleta fahali. Wakiuru alimkaripia mwenye fahali, kisha akambariki fahali.

Pasta aliwahi kumuuliza kama haoni hayo ni mambo ya zamani.

"Pasta, wewe unanyunyizia watu maji," Wakiuru akamjibu. "Mimi tangi sina."

Basi Pasta akacheka, akaondoka na kabichi mbili.

Kitinda mimba wake aliitwa Gatimu, naye alikuwa akisukuma mkokoteni katika soko la Karatina. Kazi ile haikumfaa. Alipokuwa mtoto alivimba magoti na kuwa na homa, na alipopona daktari alisema moyo umebaki na mlio, ati mlango wake mmoja haufungi vizuri. Lakini Gatimu alikuwa mtu wa mzaha na mabega mapana, na ukimwambia apumzike anakuuliza kama mkokoteni utajisukuma wenyewe. Ndipo mwaka wa tisini na tano, mvua ndefu zilipoanza, akarudi nyumbani akitetemeka. Kila jioni homa, kila usiku jasho la kulowesha godoro. Suruali ikawa haishiki kiuno. Kutoka mlangoni hadi chooni alipumzika njiani kama mzee.

Wakiuru alimpeleka hospitali mjini Nyeri, na moyo wake mwenyewe ulikuwa umekufa ganzi. Mumewe aliingia hospitali na miguu yake akatoka amefunikwa shuka. Tangu hapo harufu ya dawa ya kupigia deki ilimrudisha siku ile.

Wodini walimkuta daktari kijana, mtu wa Meru, jina lake Koome. Huyu na wenzake walikuwa katika utafiti. Walitafuta wagonjwa wenye moyo mbovu na homa isiyokwisha, kwa sababu wadudu wanaweza kuingia katika damu, wakajenga kwenye ile milango ya moyo, wakaitafuna. Walitaka kujua ni wadudu wa aina gani, ili kila mtu apewe dawa ya mdudu wake. Kwa hiyo mgonjwa aliyekubali alitolewa damu kabla ya sindano ya kwanza, ikatiwa katika chupa zenye supu ya kuwakuza wadudu hao, waonekane. Koome alieleza yote hayo polepole, na Gatimu akakubali.

Wakiuru hakulala vizuri. Kitanda cha pili alilazwa fundi wa viatu wa Gatitu aitwaye Moffat, mwenye miguu iliyovimba na ulimi usiovimba hata kidogo.

"Mama, umekubali watoe kijana damu?" Moffat aliuliza. "Chupa tatu! Siku hizi hujasikia habari ya watu wa shetani? Damu ndiyo wanatafuta."

"Moffat, nyamaza," akasema Sista Kagure, muuguzi wa wodi ile, mtu wa hapo hapo Nyeri. "Hata wewe ulitolewa."

"Na ndiyo hii unaona niko nayo sasa, miguu kama ya ndovu."

Watu wakacheka. Wakiuru hakucheka. Alitazama mkono wa mwanawe juu ya shuka, mkono uliokuwa ukiinua magunia, umebaki mishipa na ngozi.

Daktari Koome alikuja na sinia. Akausugua mkono kwa spiriti, kisha akaupaka dawa ya rangi ya kahawia, akasema, "Tungoje ikauke kwanza." Akageuka kuandika jina juu ya chupa. Wakati huo ndio Wakiuru aliuona mkono wa mtoto wake uko wazi, umenyooshwa, unangoja sindano bila mtu wa kuusemea. Akainama. Akaunyunyizia mate yake mepesi pale pale penye rangi ya kahawia, akanong'ona, "Itoke damu, ubaki wewe." Daktari akageuka, akachoma. Alipohamia mkono wa pili, Wakiuru akabariki mkono wa pili. Na aliporudi baadaye kuchukua damu ya chupa ya mwisho, akabariki tena. Sista Kagure alikuwa ameshika sinia, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anavyofanya mbele ya sala.

Majibu yalipotoka, Koome alikuja akitabasamu. Chupa zote tatu zilikuwa zimeotesha mdudu wa aina moja. Mlango wa moyo ndio unaoliwa, akasema, na dawa yake ipo. Ni sindano, wiki nyingi, lakini ipo.

Basi Gatimu akachomwa. Akachomwa mpaka matako yakawa magumu kama ubao. Na badala ya kupata nafuu alizidi kudidimia. Homa ilikuja jioni kama kawaida yake. Mishipa ya shingo ikasimama kama kamba, tumbo likajaa maji. Akawa hawezi tena kulala chali. Akilala tu, pumzi inakata, basi alikaa usiku kucha ameegemea mito, kichwa kikianguka na kuinuka. Wakati huo upande wa dirishani waliondoka watu wawili, na Wakiuru alijifunza jinsi inavyokuwa: asubuhi unamkuta mtu aliyekuwa akikaa, amelazwa chali, ametulia. Kisha kinaletwa kitanda cha magurudumu.

Akaanza kuogopa kufika asubuhi. Alikuwa akilala kwa binamu yake pale mjini, na kila siku akikaribia mlango wa wodi anatazama kwanza chini, halafu ndipo anainua macho kutafuta kichwa cha Gatimu juu ya mito.

Siku moja, mchana, Koome alikuja akasimama kitandani muda mrefu. Aliweka kifaa chake kifuani, akahamisha, akahamisha tena.

"Moyo unasikika mbali," alimwambia Sista. "Kama mtu anayegonga mlango kwa jirani." Akamgeukia Gatimu. "Bwana Gatimu, huyu mdudu wako ananishangaza. Makao yake ni mdomoni, katika mate. Huingia kwa damu mtu aking'olewa jino, au meno yakioza. Uling'olewa jino hivi karibuni? Hata pale sokoni?"

Gatimu akafungua kinywa. Meno yote yalikuwa pale, meupe.

"Daktari," akasema akikatiza pumzi, "haya... yanafungua soda."

"Sasa mate yaliingilia wapi?" Koome akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe, na akaenda zake.

Wakiuru alisikia baridi ikimpanda kutoka kwenye nyayo. Alichukua kikombe cha Gatimu akaenda nacho mferejini, akakiosha, akakiosha tena, kikombe kisafi. Alijua yalikoingilia.

Lakini hofu yake haikuwa moja. Kuogopa kugombezwa, hilo angelimeza. Kilichomtisha ni kingine. Mzazi akibariki, neno limekwenda. Haliitwi kurudi. Akisimama mbele ya watu akasema mate yale yalikuwa uchafu, si atakuwa ameivua baraka mwilini mwa mtoto? Na mtoto aliyevuliwa baraka na mama yake mwenyewe amebaki na nini, kama si laana? Asiposema, Gatimu atachomwa dawa isiyo yake mpaka afe. Akisema, huenda mtoto akafa hapo hapo, kwa kinywa chake yeye. Aliegemea ukuta, maji yakimwagika, mpaka mwanamke mmoja akamwita kama bibi yake, "Cucu, funga maji."

Akafunga. Akamfuata Koome, akamkuta kwenye meza ya Sista.

"Daktari, hayo mate ni yangu."

Koome hakuelewa. "Mate gani, Mama?"

"Ya kwa chupa. Mimi nilitemea yeye. Hapa, na hapa." Akagusa mikono yake mwenyewe. "Wewe ukiandika, mimi nabariki. Kila mara."

Kijana yule akakaa chini. Akamtazama Sista Kagure, na Sista akawa hana mahali pa kuweka macho.

"Niliona, Daktari," Sista akasema kwa sauti ndogo. "Angekuwa amekohoa, ningekuambia uoshe upya. Lakini alikuwa anabariki mtoto. Sikuona kama ni mate."

Koome akajishika kichwa. "Hata mimi nyanya yangu alinitemea nikienda chuo," akasema mwishowe, "na nilifurahi sana." Kisha akasimama ghafla. "Mama, umefanya vizuri kusema. Basi mdudu hakutoka moyoni, na tumepoteza siku nyingi. Sista, apigwe picha ya kifua leo. Leo hii!"

Picha ilionyesha kivuli cha moyo kimejaa kifua, kipana kama mtungi. Si mlango uliokuwa ukiliwa. Yalikuwa maji, yamejaa katika mfuko unaouzunguka moyo, yakiubana usipige, na Koome alidhani ni kifua kikuu. Yalitakiwa kutolewa kwa sindano, kupitia chini ya kifua, kuelekea moyoni.

"Na ukigusa moyo?" Wakiuru aliuliza.

"Naweza kuugusa," Koome akasema. Hakumficha. "Lakini nikiacha, hafiki Jumapili."

Gatimu alimsikia. Midomo yake ilikuwa ya bluu. "Maitu," akamwita mama yake, "usiniache bila neno."

Wakiuru akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake kikawa kikavu. Ulimi ulishikana na kaakaa. Alitazama ile sindano ndefu ndani ya sinia, akatazama kifua cha mwanawe, akarudi nyuma hatua moja, akaficha mikono ndani ya shuka aliyojifunga. "Enda, mtoto wangu," akasema tu. "Enda nao."

Wakavuta pazia.

Alikaa kwenye benchi la nje. Moffat alijikokota na miguu yake mikubwa akaja kukaa karibu. Ndani ilisikika sauti ya Koome, "Usipumue... usipumue," halafu chuma juu ya sinia, halafu kimya. Kimya kikawa kirefu. Wakiuru alianza kuomba, na katikati akasahau alikuwa akiomba nini, akabaki akilitaja jina la mtoto.

Koome akatoka, aproni ina madoa, akapita mbio kuelekea maabara na chupa ya maji mekundu kama chai isiyo na maziwa. Wakiuru hakungoja kuitwa. Akaingia, akalisogeza pazia.

Gatimu alikuwa amelazwa chali. Mito imeondolewa, shuka imevutwa hadi kidevuni, macho yamefumba, ametulia.

Ukemi uliomtoka Wakiuru ulisimamisha wodi nzima. Alianguka juu ya kitanda, akamshika mabega yale yaliyokonda, akimlilia kwa Kikuyu, "Ni mimi, ni mimi nimekuua."

"Mama! Mama, wacha!" Sista Kagure alimvuta mkono. "Unataka kumwamsha? Tangu wiki jana hajalala, na sasa maji yametoka."

Wakiuru akanyamaza, kinywa kikiwa wazi. Shuka ilipanda. Ikashuka. Ikapanda tena. Na Gatimu, bila kufumbua macho, akakunja uso kama mtu anayesumbuliwa na nzi, akageukia ukutani, akaanza kukoroma.

Hapo Sista alimletea kiti. Wakiuru akakaa mpaka jioni, saa ambayo homa ilikuwa na mazoea ya kuja, akiutazama mgongo wa mwanawe. Hakuthubutu kumgusa.