Ukurasa Aliokuwa Akiutafuta Mama Bahati

Nikianza kukumbuka ujana wangu hapa Maryland, mwanangu, kinachotangulia ni haleluya saba. Usicheke. Miaka ile mchana nilikuwa nafua mashuka kwenye nyumba ya wazee, jioni nakwenda shule ya watu wazima Silver Spring, na kulikuwa na uvumi kwamba mtu akisimama kanisani akatoa ushuhuda, na ushuhuda huo ukaitikiwa haleluya saba kamili, basi karatasi zake za uhamiaji zinatoka ndani ya mwezi. Aliyeniambia ni Kamau, Mkenya tuliyekuwa tukikaa naye dawati moja.

"Saba, buda," alisema. "Sita hazihesabiwi. Kuna msee wa Bladensburg alipata nane, wakampa na za mke wake."

Nikaamini. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina masharubu, nimeshavuka nusu ya hesabu za sehemu, na nikaamini.

Shida ni kwamba sikuwa na ushuhuda. Sikuwahi kuugua kitu cha maana. Ajali pekee niliyopata ni kugongwa kisigino na kigari cha dukani. Kila Jumapili nilikaa kwenye ule ukumbi wa kukodi tuliouita kanisa, tukiwa watu kama elfu moja (mke wangu anasema sitini), nikiwasikiliza waliopona na waliookoka, nikiwaonea wivu.

Ndipo mwalimu wetu wa Kiingereza akatupa kitabu cha kusoma. Zilikuwa kumbukumbu za mama mmoja Myahudi aliyenusurika kambi za Wanazi, akaja kuzeekea huku Marekani. Nilikisoma ndani ya basi, kamusi mapajani, nene kama tofali.

Utotoni alifundishwa na mama yake kufumba macho akiomba. Naye, kwa akili ya kitoto, akaamini kwamba ukiyafumba kwa nguvu mpaka ukaona nyota, Mungu hawezi kukataa. Ijumaa jioni, Sabato ikiingia, mishumaa inawashwa, anafumba. Akifumbua, mkate upo, baba yupo, ndugu zake wote wapo. Kwake hayo ndiyo yalikuwa majibu. Kisha wakaja kuchukuliwa. Siku walipofikishwa kambini, askari wakiwagawa watu huku na huku, alifumba macho kwa nguvu zake zote. Alipoyafumbua, mama yake hakuwa tena pembeni. Alikuwa amesukumwa upande ambako hakurudi mtu. Tangu siku hiyo hakuomba tena. Kitabu kinamalizika naye akiwa ajuza. Kila Ijumaa anatembea mpaka kwenye mlango wa sinagogi, anasimama nje akisikiliza wanavyoimba, halafu anarudi kwake. Anasema hamu aliyo nayo si ya Mungu. Ana hamu ya yule mtoto aliyekuwa akifumba macho.

Nilipofunga kitabu nilikuwa nimepitiliza vituo kumi na vinne. Nilirudi kwa miguu, na sikumwambia mtu kwamba nililia.

Lakini ujana, mwanangu. Kabla sijafika nyumbani nilishaanza kupiga hesabu: mwisho ule utapata haleluya ngapi? Hata moja. Basi Jumapili nikasimama, nikasimulia vizuri sana, mishumaa, mkate, kambi, watu wakatoa vitambaa. Nilipofika mlangoni pa sinagogi, nikamwingiza ndani. Nikamfumbisha macho, nikamwimbisha mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Haleluya kumi na moja. Kamau, aliyekuja makusudi kuhesabu, aliishiwa vidole.

Baada ya ibada akanifuata Mama Bahati. Huyu alikuwa Mkongo wa Uvira, amenizidi miaka kama kumi na mitano, anasafisha maofisi. Kila Jumapili alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango na hakufungua mdomo. Tulichojua ni kidogo: kwao alikuwa akiongoza kwaya, vita ikaja, wakakimbia, na Bahati mwenyewe hakufika walikokuwa wakienda. Waliomjua zamani walisema sauti yake ilikuwa ikivuka ziwa. Ni wao waliosema, si mimi.

"Ndugu," aliniambia, "ule mama wa kitabu. Aliingia kabisa?"

"Aliingia, mama."

"Na akaimba?"

"Akaimba."

"Unipe hicho kitabu. Niko nataka kuona vile alifanya."

Ningeweza kusema palepale. Nikampa. Tena nitakwambia na ubaya wenyewe ulivyo: nilijua Kiingereza chake ni kidogo kuliko changu, nikajipa moyo kwamba hatafika mwisho.

Alifika. Kila Jumapili aliniambia amefika wapi. Kuna siku alisema tu, "Leo wamemutenga na mama yake," akaenda kukaa. Na kila mara aliniuliza kama ule ukurasa wa kuingia sinagogi uko karibu, nami nikamjibu, "Endelea, mama, uko mbele." Nilisema hivyo Jumapili tisa. Wakati huo akawa ameanza kufungua kitabu cha nyimbo. Haimbi, lakini amekifungua, kidole kiko kwenye mstari. Watu waligusana viwiko. Mimi nilitazama dari.

Jumamosi moja tukakutana kwenye duka la vyakula vya kwetu, hapo hapo Silver Spring. Mimi nachagua dagaa, yeye ameshika pakiti ya kisamvu kilichogandishwa. Akatoa kitabu mkobani, amekifunga ndani ya mfuko wa nailoni kama kitu cha kupewa mgeni.

"Nimesoma mara mbili," akasema. "Mara ya pili binti wa jirani alinisaidia. Huo ukurasa haiko."

"Labda ni toleo jingine, mama. Unajua vitabu vina—"

"Ndugu. Acha."

Nikaacha.

"Anabaki inje," akasema.

"Ndiyo. Anabaki nje."

"Sasa wewe ulimuingiza juu ya nini?"

Nikamweleza habari ya haleluya saba, na karatasi zenyewe bado hazijatoka, nikiwa nimeshika dagaa. Nilidhani atanipiga na kile kisamvu, nacho kilikuwa kimeganda kama jiwe la msingi. Hakunipiga. Alizungumza polepole, kama anayemweleza mtoto njia ya kurudi nyumbani.

"Miezi mbili nimejiuliza kama mimi niko mubaya sana. Ule mama alipita kwa moto, akaimba. Mimi hata mudomo haifunguke. Kumbe na yeye anasimama kwa mulango. Ungesema vile iko, siku ile ile ningekaa kwa kiti yangu bila haya." Akanipachika kitabu kwapani. "Mimi sitafute maajabu, ndugu. Niko na hamu ya mimi wa Uvira. Ule mwenye alikuwa anaimba akifua nguo, na hata hajue kama anaimba."

Jumapili iliyofuata nilimwomba mchungaji dakika mbili. Nikamtoa yule ajuza ndani, nikamrudisha alipojiweka mwenyewe. Sikupata haleluya hata moja, ila viti vililia kidogo. Baada ya ibada watu watatu walinijia, mmoja mmoja, kila mmoja akichungulia nyuma kwanza, kuniomba kitabu. Mmoja wao alikuwa mzee wa kanisa.

Nasaha yangu basi ni hii. Nyinyi mnaonijibu kwa Kiingereza mtasoma vitabu kama hicho shuleni, na wengine mtaketi na watu ambao wangeweza kuviandika. Mtu akikueleza jinsi alivyopoteza imani, usimmalizie habari yake. Ulimi utakuwasha useme ni mipango ya Mungu, useme itarudi. Tunasema hivyo ili sisi wenyewe tulale. Muulize ule wimbo ulikuwa upi. Muulize yule mtoto alikuwaje, maana ndiye anayemlilia. Akikuonyesha mlango anaposimama, simama naye hapo, hata kama kuna baridi, hata kama wenzako ndani wanakuita.

Mimi bado najifunza. Nilipoandika haya niliweka mwishoni kwamba siku hizi Mama Bahati anaimba, tena sauti ya kwanza, watu wanatoka Upper Marlboro kuja kumsikia. Jana nikampigia simu nimsomee. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ndugu, siimbe. Andika siimbe."

"Hata kidogo, mama? Hata ukifua?"

"Nakuja, nakaa, nasikiliza. Andika ile."

Basi haimbi, mwanangu. Anakuja, anakaa, anasikiliza. Mungu akulinde siku zote utakazoweza kumwita, na siku mdomo wako utakapokataa kufunguka, akulinde vivyo hivyo.