Bidoni ya Tatu Haijarudi

Siku tulipomzika mama aliyekuwa akinunua bidoni, waliokuwepo ni hawa: binti yake wa pekee, aliyefika asubuhi kwa pikipiki kutoka Salamabila akiwa na vumbi hadi kwenye kope, mpwa wake anayesoma chuo, shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa wetu hapa Kasongo, imamu na majirani wa msikitini, wanawake wauza mawese, ambao walifunika meza zao siku hiyo bila kuambiana, wadogo zangu watatu, na mimi. Nawataja kwa kazi na ukoo, maana ukurasa huu hautaji majina, na nadhani marehemu angependa iwe hivyo. Yeye mwenyewe hakujua majina ya nusu ya watu wa mji huu. Aliwajua kwa vyombo walivyomletea. Mimi alinijua kama mtoto mkubwa wa seremala, na aliendelea kuniita hivyo hata nilipoanza kuota mvi.

Kwa wasomaji wa mbali, nieleze kazi yake. Huku kwetu bidoni ya plastiki, yaani dumu, haitupwi ikiisha kilichomo. Iliyoleta mafuta ya kupikia itabeba mawese kwenda Wamaza, halafu itatiwa petroli ya pikipiki, halafu itahifadhi mbegu, mpaka ipasuke. Marehemu alikaa barazani kwake karibu na soko, akinunua zilizotumika, akiziosha kwa majivu, mchanga na maji ya moto, kisha akiziuza tena. Alikuwa na sheria moja: chombo kinaweza kushuka, hakiwezi kupanda. Kutoka mawese kwenda petroli, sawa. Kutoka petroli kurudi kwenye mawese, hapana. Na alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Uliyeleta bidoni ndiye uliyefunga fundo shingoni mwake, kwa mkono wako. Ukambaa wa mgomba ulimaanisha ilikuwa na kitu cha kuliwa. Kitambaa chekundu kilimaanisha ilikuwa na sumu, kama dawa ya wadudu au asidi ya batri. Zenye nyekundu alizipokea pia, akatoa kipande cha sabuni kwa kila moja, akazitoboa kwa msumari wa moto na kuziweka nyuma ya nyumba. Yaani alilipa kwa ajili ya kitu ambacho asingeweza kukiuza kamwe. Ukimuuliza kwa nini hafungi mafundo mwenyewe, alijibu: "Mukono uliofungua kizibo ndio unajua ndani mulikuwa nini. Mimi niko na pua tu."

Baada ya maziko, maji ya wageni yalipungua. Vijana wakazunguka nyuma ya nyumba, wakakuta rundo la bidoni lililofika kiunoni, wakazibeba bila kuuliza hadi kisimani. Mmoja akarudi mbio, maji yakimchuruzikia miguuni.

"Ee! Hizi bidoni ziko na macho! Mama alikuwa anafuga nini humu, panzi?"

"Nyamaza, weye," akamjibu muuza mawese mmoja, mwanamke mzima mwenye sauti ya soko. "Uliona kitambaa chekundu, ukafikiri ni mapambo ya harusi? Kanawe miguu kwa sabuni, mara mbili."

Watu wakacheka, kicheko cha matangani kinachopunguza uzito kidogo. Lakini bidoni zilikuwa zimerudishwa kutoka kisimani, zimelala pale uani mbele yetu, na mabishano yakaanza. Mpwa wa marehemu alisema shangazi yake alibeba peke yake kazi isiyokuwa yake. "Wanaotengeneza plastiki wako wapi? Serikali inapokea kodi ya soko kila siku, iko wapi? Hii haiko kazi ya mutu mumoja."

"Serikali ikuje kulala jikoni kwako ili ione unatupa nini?" shefu akamjibu. "Kila mutu na takataka yake."

"Basi, shefu, takataka yako iko ndani ya mufereji mbele ya lango letu. Ukuje uichukue."

Hapo hata imamu aliinamisha uso kuficha tabasamu. Binti wa marehemu hakucheka. Alisema taratibu, "Mama hajamaliza hata siku moja udongoni, na munagombania takataka yake. Mimi nauliza kitu kimoja tu. Kesho kutwa narudi Salamabila, na nyumba hii itapangishwa. Hizi bidoni nizipeleke wapi? Watoto wa mupangaji watazichezea."

Yule muuza mawese akajaribu kumfariji kwa kumsifu mama yake. "Miaka yote ile tuliuza mawese ndani ya bidoni zake bila woga. Pua yake ilimudanganya mara moja tu. Moja tu, na alikubali kosa mbele yetu sote."

Wanawake wenzake wakaitikia kwamba ni kweli, mara moja tu. Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya wali. Nikaiweka chini, nikafungua mdomo, kisha nikaufunga. Safu hii naiandika kwa sababu ya kile kinywa kilichofungwa.

Wasomaji wa zamani wanajua kwamba niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, wazazi wangu walipofariki katika msimu mmoja wa mvua, nikabaki na wadogo watatu wanaoniita yaya, yaani mkubwa wao. Ambacho sijawahi kuandika ni kilichotokea baadaye. Vifaa vya Baba viliisha kimoja kimoja: randa, misumeno, hata benchi. Zikabaki bidoni tatu za buluu. Zilikuwa za dawa ya mchwa, ile aliyokuwa akipaka mbao za mapaa. Baba alikuwa ametia alama kwenye mkono wa kila bidoni kwa chuma cha moto, mistari mifupi kama meno ya msumeno, ili mtu wa nyumbani asikosee. Mtu wa nje asingeijua maana yake.

Nilijua kwamba kwa kitambaa chekundu ningepewa sabuni. Tulikuwa hatuna unga. Nikaziosha kwa majivu siku nzima, nikasugua shingo zake kwa majani ya mchaichai, nikamimina mawese kidogo ndani ya kila moja na kuitikisa. Kisha nikaenda barazani kwa mama yule. Alivuta pumzi juu ya kila shingo, polepole.

"Zilikuwa na nini?"

"Mawese, Mama."

"Zote tatu?"

"Zote tatu."

"Seremala alipenda mawese kumbe," akasema, akanitazama kwa huruma ambayo sikuistahili. "Mungu amurehemu. Haya, funga."

Nikafunga ukambaa wa mgomba mara tatu. Vidole vyangu havikutetemeka, na hilo ndilo linaloniaibisha mpaka leo. Tulikula ugali siku mbili. Siku ya tatu nilimtuma mdogo wangu wa kike akanunue mawese ya kikombe kimoja. Akarudi anaruka kwa furaha.

"Yaya! Nimeona bidoni ya Baba sokoni! Ile ya meno ya musumeno. Mama muuza mawese ndiyo ametumia kunipimia."

Nilimpokonya kikombe, nikakimwaga katika shimo la choo, nikakimbia hadi barazani. Nilimwambia mama yule kila kitu nikiwa nimesimama, kwa sababu niliogopa kwamba nikikaa nitashindwa kuinuka. Nilingoja kofi. Yeye alijifunga kitenge vizuri, akasema, "Tuende."

Bidoni ya kwanza tuliikuta sokoni, haijapungua sana. Aliinunua pamoja na mawese yaliyobaki, akayamwaga shimoni mbele ya wauzaji wote, akawatuma kwa kila aliyekuwa amepimiwa, maana wanawake wale wanajua wateja wao. Kwa rehema ya Mungu hakuna aliyekuwa ameshapika. Wauzaji walipomuuliza nini kimetokea, alisema, "Kosa ni langu. Sikunusa vizuri." Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimeshika kitenge chake kama mtoto mdogo. Hakugeuka kunitazama. Kwa miezi kadhaa baadaye wengine walikwepa baraza lake wakaenda kununua kwingine, naye hakuwahi kunikumbusha.

Kesho yake tulipanda pikipiki hadi Wamaza, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nikiwa nimekumbatia mgongo wake. Mkulima aliyenunua bidoni ya pili alikuwa ameweka humo mbegu za karanga za kupanda. Mke wake alilalamika sana: tumetoka mbali hivyo kufuata bidoni? Mama akamwachia bidoni mbili nzuri badala ya moja, akamsihi mbegu zile azipande zote, asikaange hata moja.

Ya tatu ilikuwa imenunuliwa na muuza samaki wa Nyangwe, aliyekuwa ameshaondoka kwa pirogi, yaani mtumbwi, kurudi kwao mtoni. Tulituma ujumbe kwa kila mtu wa Nyangwe aliyekuja sokoni. Mmoja alisema amemwona muuza samaki huyo, mwingine akasema amehamia kwa binti yake, wa tatu akasema hamjui. Miezi ilipita. Siku moja mama wa bidoni aliniita, akaniambia bila ukali, "Ile ya tatu iko deni lako. Siyo deni la kunilipa mimi. Utaendelea kuitafuta." Tangu hapo sikupita barazani kwake bila yeye kuuliza kwa nyusi tu, na mimi kutikisa kichwa. Wahenga wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nilimwona mtu akiyazoa, na yeye siye aliyeyamwaga.

Basi turudi kwenye yale mabishano ya uani. Wasomaji wengine wameniuliza kama ni haki kumbebesha mama wa nyumbani mzigo wa plastiki ambayo hakuitengeneza. Nilikuwa mtoto mwenye njaa, sitamhubiria mtu mwenye njaa. Yule mpwa ana haki: shangazi yake alitenganisha, akafunga, akatoboa, akatunza miaka yote, na mwisho wake hakuwa na mahali pa kupeleka hata bidoni moja, maana mji wetu haujawahi kuandaa mahali hapo. Shimo la sumu halichimbwi na mjane peke yake nyuma ya nyumba. Hiyo ni kazi ya mji na ya wanaotawala, na shefu wetu asikwepe kwa maneno ya kila mtu na takataka yake.

Lakini hata mji ukileta gari la taka kila asubuhi, na mashimo yenye saruji, na watu wenye glavu, hakuna hata mmoja wao ambaye angejua kilichokuwa ndani ya bidoni za baba yangu. Alama ile ilisomeka nyumbani kwetu tu. Mdogo wangu aliitambua kuwa ya Baba tu; mimi peke yangu, katika mji mzima, ndiye niliyejua maana yake. Sehemu hiyo ya kazi huwezi kumwachia mwingine, kwa sababu ukiiacha, hakuna mwingine aliye nayo. Serikali inaweza kuchukua taka yako. Haiwezi kusema ukweli kwa niaba yako. Zamani nilidhani mafundo ya mama yule ni utaratibu wa kupanga vyombo. Kumbe alikuwa akituomba kila mmoja neno moja la kweli, kisha anatuamini, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine.

Siku iliyofuata maziko nilikwenda na wadogo zangu na mkokoteni, tukahamisha rundo lote hadi nyuma ya jiko langu, tukalizungushia uzio. Binti yake alinishika mikono. Mpwa wake na shefu wamekubali kwenda pamoja kwa wakubwa wa mji kuomba shimo. Wanabishana bado, lakini sasa wanabishana wakiwa njiani.

Na kwenu mama zangu wauza mawese: pua ya marehemu haikumdanganya hata mara moja. Mimi ndiye niliyemdanganya. Alilibeba jina la kosa langu hadi kaburini, na nilipaswa kumvua mzigo huo alipokuwa hai, asikie mwenyewe. Nimechelewa. Nimelifungua fundo lile leo, mbele yenu, kwa mkono uleule uliolifunga.

Limebaki lile deni jingine. Plastiki haiozi, kwa hiyo bado ipo mahali. Kama uko Nyangwe, au popote mtoni, na nyumbani kwenu kuna bidoni kuukuu ya buluu yenye mistari mifupi ya kuungua kwenye mkono wake, kama meno ya msumeno, tafadhali usitie kitu cha kuliwa ndani yake. Mpe mtu yeyote anayekuja Kasongo, umwambie aulize nyumba ya mtoto mkubwa wa seremala. Kitambaa chekundu nimeshakiandaa.