Mkanda wa picha kwenye kichanja cha muhogo

Hii stori inanifanya nionekane mjinga, ila wewe si mgeni kwangu, cheka tu. Juzi pale Mpanda mjini nimemkuta dada mmoja na kamera ya zamani ya mkanda, ndogo kama kipande cha sabuni, anaringa nayo. Eti kila picha inachukua nusu ya nafasi, kwa hiyo mkanda wa picha thelathini na sita unatoa sabini na mbili. Watu wakashangaa. Mimi nikageuka nikaondoka.

Baba mdogo alikuwa nayo ya hivyohivyo, nyumbani Kabungu, mimi nikiwa mtoto. Na hiyo sifa ndo ilikuwa balaa: mkanda hauishi. Bibi alipigwa picha wakati wa kupalilia, kavaa kitenge cha kanisani, picha ya kwanza maishani mwake. Tukavuna mahindi, tukabangua karanga mpaka vidole vikauma, mkanda bado. Baba mdogo akasema hapeleki mjini kusafishwa mkanda ambao haujaisha. Bibi akaanza kuumwa, hata uji anaubakiza. Kila asubuhi ananiuliza mimi, "Sura yangu haijaja?"

Nikaona nimsaidie. Baba mdogo kaenda shamba, nikaumalizia mkanda kwa kuku. Kuku mtupu, na jogoo mmoja anayejua kupozi kuliko bwana harusi. Halafu nikafungua kamera, nikauvuta mkanda wote nje. Bibi alitufundisha kisichoanikwa kinaoza. Kwetu muhogo, dagaa, mbegu, vyote jua kwanza. Nikautandaza kichanjani, juu ya muhogo, saa sita mchana, nikakaa pale nafukuza walewale kuku wasije kuharibu picha.

Baba mdogo aliporudi hakunipiga. Alikaa chini tu, akaniambia taratibu kwamba jua limekula picha zote. Bora angenipiga.

Bibi hakuzifikia mvua. Msalaba wake una jina tu. Kichanja kilishaoza, kamera sijui iliishia wapi. Sauti yake ninayo, harufu ya moshi kwenye kitenge chake ninayo, ila sura naiita haiji. Na nafasi nilipewa. Siku ile ya mkanda nilienda kumwambia Bibi mwenyewe, nalia, macho yote sakafuni, na sikuyainua mpaka natoka. Yeye wala hakukasirika.

"Inua kichwa, mume wangu," aliniambia. "Niangalie vizuri basi."