Mjomba Callie Apandisha Pikapu

Callie Esterhuizen alikuwa mfupi, na hakuwahi kumsamehe mtu yeyote kwa hilo. Alifuga kondoo nje ya mji wetu wa Droëvlei. Baada ya kufiwa na mkewe alikula samaki wa kopo akiwa amesimama jikoni, hadi Dorette Lubbe, mjane mwenye duka la vitambaa, alipokubali kupelekwa naye kanisani. Huku kwetu mwanamke akishuka kwenye pikapu yako mbele ya kanisa, watu huanza kuulizana watavaa nini siku ya harusi. Ndicho alichokitaka Callie, na hakutaka kingine.

Basi akaamua kuipandisha pikapu, ikae juu zaidi barabarani naye aonekane. Fundi Slabbert akamwekea mezani spring na shokapu za aina mbili.

"Hizi zinakuinua inchi mbili, mjomba. Mashimo unapita, kondoo unabeba, mgongo haulii. Hizi ni inchi sita, utaona mabati ya majirani kwa juu. Lakini kiti cha kushoto anakaa nani?"

Callie akafungua mdomo. Kwa bahati mbaya yake mimi, Fanus na wenzetu tulikuwepo, tumekuja kula nyama kavu ya fundi.

"Inchi mbili anaweka mwalimu mkuu," Fanus akasema.

"Na mchungaji," nikaongeza. "Akiwa na mafua."

"Mwacheni mzee. Ya inchi sita ataipandaje, kwa kamba?" Fanus akadakia.

Masikio ya Callie yakawa mekundu. "Weka sita," akasema. "Kushoto hakai mtu."

Sasa, goti la Dorette lilikuwa limetiwa chuma hospitalini Kimberley mwezi uliopita. Callie mwenyewe ndiye aliyempelekea maua wodini, na keki ya maziwa. Lakini mwanamume akishachekwa kimo chake mbele ya wenzake, magoti ya watu wengine humtoka kichwani.

Jumapili tuliwahi kanisani kuliko shetani. Kwake Dorette alikuwa ameipanda pikapu akitokea ukingo wa baraza, bila shida. Kanisani hakuna baraza. Callie akaruka chini, akazunguka, akafungua mlango. Utosi wake ulilingana na viatu vya mjane.

"Shuka, mpenzi."

"Nishukie wapi, Callie?"

"Nitakudaka."

Dorette akamtazama kutoka juu hadi chini. Haikuwa safari ndefu.

Kengele ikalia, hakuna aliyeingia. Mwishowe Bertus, msimamizi wa ghala la mbolea la jirani, akaleta foklifti, ile mashine ya kunyanyulia magunia, na ubao umelazwa juu ya vyuma vyake. Dorette akakanyaga ubao, akakumbatia mkoba, akateremshwa polepole kama gunia la mbolea ya daraja la kwanza. Tukapiga makofi. Fanus akauliza kama atapimwa uzito.

Callie akacheka. Kidogo tu, ili awe upande wetu.

"Umecheka?" Dorette akamuuliza.

"Wao ndio walioanza."

"Wao hawajaniomba niwe mke wao." Akamgeukia Bertus. "Baada ya ibada utanirudisha nyumbani."

"Kwa hii, shangazi?"

"Kwa chochote kilicho chini."

Wakaingia ndani pamoja, yeye akichechemea, Bertus amembebea kitabu cha nyimbo. Callie akarudi kwenye pikapu yake. Mara ya kwanza mguu ulimteleza, na mara ya pili pia. Wimbo wa kwanza ulikuwa umeshaanza kuimbwa, lakini sisi tulibaki nje mpaka alipofika kitini.